Nikupokee Mtoto

Mtoto aliyebebwa katika safari hii ni mimi, lakini sikumbuki hata jani moja la njia ile. Nilikuwa bado mchanga, shingo haijakaza. Ninayoyasimulia nimeyapata kwa mjomba wangu Matano, aliyetembea mbele ya mama karibu njia nzima, na machache nimeyapata kwa mama mwenyewe, ambaye hakupenda kuulizwa. Mjomba hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alisimulia kisa hiki vilevile kila mara, na akifika mahali fulani alinyamaza, akashughulika na tambuu yake, kisha akaendelea na yaliyofuata. Mahali hapo nimepajaza kwa maneno ya mama.

Ilikuwa masika ya mwaka wa hamsini na sita. Mama, Mwanapili binti Boga, alikuwa ameolewa Ndavaya, bara ya ng'ombe na miiba, na baba yangu Chome. Kwao mama ni Bodo, chini kabisa pwani, kwenye mikoko. Mjomba Matano ndiye aliyekuwa akiwaunganisha na huko, kwa sababu biashara yake ilikuwa kupandisha ng'onda, samaki wa kukaushwa, bara na kuteremsha asali na tumbaku, yote kwa miguu.

Siku moja alifika kama kawaida yake. Akatua mzigo, akanywa maji, akanipakata akanichezesha. Mama akampikia sima na maziwa ya mgando. Walipokwisha kula, mjomba akasema, "Mama anakutaka. Anataka amwone mjukuu wake."

"Anaumwa?"

"Anaumwa."

"Sana, kaka?"

Mjomba akawatazama ng'ombe waliokuwa wanaingia zizini. "Tuondoke kesho alfajiri," akasema.

Baba hakuweza kwenda nao. Ng'ombe walikuwa wameingiwa na maradhi ya miguu, na kila siku alikuwa akizika mmoja. Lori la Kinango nalo lilikuwa halipiti; mvua ilikuwa imekata barabara. Ilibaki njia ya miguu, na njia hiyo mjomba aliijua kuliko uwanja wa nyumba yake. Siku ya kwanza unavuka nyika mpaka Mkongani, chini ya vilima vya Shimba. Siku ya pili unapanda msituni, unavuka mgongo wa vilima na kuteremkia Mivumoni, ambako unaisikia harufu ya bahari kabla hujaiona. Siku ya tatu unapita Msambweni, unaandama mikoko, unafika Bodo. Mjomba alijua mti gani una kivuli saa gani, na ni mto upi maji yake yanakunywika hata baada ya mvua.

Waliondoka vizuri. Baba aliwasindikiza mpaka mwisho wa shamba. Ardhi ilikuwa imelowa, nyika imechipua, na vipepeo weupe walikuwa wamejaa juu ya madimbwi. Mama alinibeba mgongoni kwa mbeleko, mjomba akachukua furushi la nguo na kibuyu cha maji. Njiani walikutana na watu wawili watatu wanaokwenda mnadani. Wakasalimiana, wakapeana habari za mito, wakaachana. Mtu asiye na mzigo akikutana na mwenye mzigo humwambia, "Nikupokee." Mwenye mzigo hushukuru na kusema labda mbele, hata kama hana nia ya kuutoa. Ni adabu ya njia, wala hakuna anayeifikiria.

Jua lilipokuwa utosini walimkuta mwanamke amekaa juu ya jiwe kando ya njia, ameipa njia mgongo. Alijifunga kaniki kuukuu, na kichwa alikiinamisha kidogo, kama mtu anayechagua mchele. Hakuwa na mzigo. Hakuwa na maji wala jembe. Hayo mjomba aliyawaza baadaye. Wakati ule aliona mama wa watu anapumzika.

"Shikamoo mama," mjomba akasema.

"Poleni na njia," akajibu yule mwanamke. Hakugeuka. Sauti yake ilikuwa ya upole, ila kavu.

"Tumeshapoa."

"Nikupokee mtoto?"

Mama akatabasamu kwa adabu. "Ahsante mama. Labda mbele."

"Haya," akasema yule mwanamke. "Mbele."

Wakapita. Walikuwa wamekwisha kwenda mwendo mzuri mama aliposimama kurekebisha mbeleko. Akamwangalia mjomba.

"Kaka, amejuaje kuwa nina mtoto?"

Mwanamke hakuwa amegeuka hata mara moja. Na mimi nilikuwa nimelala, sijatoa sauti tangu asubuhi.

Walivuka kijito, maji ya magotini, wakatokea kwenye mbuga ya nyasi fupi ambayo ukisimama mwanzo wake unauona mwisho. Hapana kichaka, hapana mtaro. Njia ilipita katikati, nyeupe. Hakuna aliyewapita. Mjomba aligeuka nyuma mara nyingi, na nyuma hapakuwa na mtu.

Mwisho wa mbuga kulikuwa na mkwaju. Chini ya mkwaju alikuwa amekaa yule mwanamke, ameipa njia mgongo.

Kaniki ile ile. Kichwa kile kile kilichoinama.

"Ndiyo hapa?" akauliza.

Mama akajibu kama alivyofunzwa. "Bado, mama. Bado nina nguvu."

"Haya."

Mjomba akaongeza mwendo. Walipokuwa mbali, mama akanong'ona, "Kuna njia ya mkato?"

"Ipo," mjomba akasema.

Haikuwepo.

Jua lilikuwa linashuka walipofika Mkongani kwa Mzee Randu, aliyekuwa akimlaza mjomba kila safari. Mkewe, Jemima, aliwapokea kwa bashasha, akanichukua, akanisifu macho, akanifunga mgongoni, akawasha moto nje jikoni. Mama aliingia ndani akanyoosha miguu. Mjomba alimweleza Randu habari za mvua na za ng'ombe wa Ndavaya. Ya njiani hakuyataja. Aliona kuyataja ni kuyapa uzito.

Jemima akaleta maji ya kunawa, akaleta sima na kunde. Akasimama mlangoni na sahani moja zaidi mkononi.

"Na yule mwenzenu, mbona amekaa nje? Mwambieni aingie, umande utamwingia."

Mjomba na mama wakatazamana.

"Mwenzetu yupi?" mjomba akauliza.

"Yule mama. Amekaa pale penye njia. Nimemkaribisha, lakini hakugeuka."

Mzee Randu akaacha kula. Akanyanyuka, akaufunga mlango, akautia komeo. Akarudi akaketi karibu na mama, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mlikutana naye njiani?"

"Mara mbili," mama akasema.

"Aliomba kukupokea mtoto?"

"Ndiyo."

"Ukamjibu nini, mwanangu?"

"Nilimwambia ahsante. Nikamwambia labda mbele."

Randu aliinamisha kichwa, na Jemima akaanza kulia bila kuambiwa kitu.

"Basi atakuwa mbele," Randu akasema.

Ndipo akawaeleza. Mwaka wa nzige, watu wa nyika walikuwa wakiteremka pwani makundi kwa makundi kutafuta chakula. Katika kundi moja alikuwamo mwanamke na mtoto mgongoni. Alipochoka aliwaomba wenzake wampokee mtoto, kidogo tu, apumue. Wenzake nao walikuwa wamekwisha nguvu. Huyu akamwambia mbele. Yule akamwambia mbele. Akaacha kuomba, akakaa kando ya njia. Wenzake walipopata chakula walirudi kumfuata. Walimkuta amekaa vilevile, ameipa njia mgongo, amekufa.

"Na mtoto?" mama akauliza.

"Mtoto hakuwepo."

"Fisi?"

"Hakukuwa na tone la damu. Na mbeleko ilikuwa mwilini mwake, bado imefungwa fundo."

Mama akaniondoa mgongoni mwa Jemima, akanikumbatia. Mjomba alisema watarudi Ndavaya. Randu akatikisa kichwa. "Nyuma na mbele ni mamoja sasa. Amekwisha kuahidiwa. Kama mama yenu anawangoja, nendeni kwa mama yenu. Lakini akiuliza tena, msimjibu. Msiseme ndiyo, msiseme bado. Na mtoto asitoke mwilini mwenu hata akilia vipi."

Asubuhi Randu aliwasindikiza mpaka mti wa kwanza wa msitu. Hapo akasimama. Alimpa mjomba mkono, akaushikilia mkono ule kwa muda, akageuka akaenda zake bila kuaga mara ya pili.

Msitu ulikuwa umejaa ukungu. Si usiku, kulikuwa kumekwisha kupambazuka zamani, lakini mwanga ulikuwa mweupe kotekote hata usijue jua liko upande gani. Majani yalidondosha maji. Mavi ya tembo njiani yalikuwa ya jana. Mjomba alitembea huku akisoma Ayatul Kursiy chini chini, na mama akafuata nyuma yake akishika ncha ya shuka lake.

Penye njia panda wasafiri wana desturi ya kuifunga njia isiyofaa kwa tawi, ili anayefuata asipotee. Walipofika njia panda ya Mivumoni, walikuta tawi bichi limelazwa, utomvu bado unatoka. Lilikuwa limelazwa juu ya njia ya Mivumoni, na njia ya pili, ambayo mjomba hakuwahi kuona mtu akiipita, ilikuwa wazi, nyasi zake zimekanyagwa.

Mjomba akaliondoa tawi. Wakapita.

"Kaka," mama akasema baada ya muda. Alikuwa ananong'ona. "Mtoto amekuwa mwepesi."

Mjomba akageuka upesi. Nilikuwemo ndani ya mbeleko. Macho yangu yalikuwa wazi. Nilikuwa nimeligeuza shavu langu kwenye mgongo wa mama, ninatazama nyuma, huko tulikotoka, na nilikuwa ninacheka kama mtoto anayechezeshwa na mtu.

"Tembea," mjomba akasema. "Usigeuke."

Wakatembea.

"Kaka. Amekuwa mzito."

"Tembea."

"Kaka, siwezi. Magoti yangu."

Akaanguka kwa magoti. Mjomba akalitupa furushi. Akanifungua, akanifunga mgongoni mwake mwenyewe, kifua chake na kiuno vikazungushwa mbeleko. Akamshika mama mkono akamwinua. Kwa hatua chache nilikuwa mtoto mchanga tu. Kisha uzito ukaja. Ulikuja taratibu, kama mtu anayekaa kwa heshima. Mbeleko ikamkata mabega. Kiuno kikapinda. Ulikuwa uzito wa mtu mzima.

Hakusimama.

Pumzi ikamgusa nyuma ya shingo. Pumzi kavu.

"Ndiyo hapa?"

Hapo ndipo mjomba alipokuwa akinyamaza na kutafuta tambuu yake. Mama alisema hakuisikia sauti hiyo. Alichokiona ni kaka yake amesimama ghafula, machozi yanamtoka, mdomo ameuuma usifunguke. Hakujibu. Mama hakuwahi kumwona Matano akilia kabla ya siku hiyo, hata walipomzika baba yao.

Ndipo kilio kikasikika. Kilio cha mtoto mchanga, mwenye njaa. Kilitoka mbele, ndani ya ukungu.

Mama alijua kilio changu. Kila mzazi anakijua cha mwanawe. Hicho kilikuwa changu, kupanda na kushuka kwake, na kile kikwikwi cha mwisho. Alinitazama mgongoni mwa mjomba, akaona kitambaa kimenifunika kichwa, kimetulia. Kilio kikaja tena, kule mbele. Maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, yakalowesha kanga.

"Mwanapili, usiende."

"Ni yeye."

"Ninaye hapa!"

"Mfunue basi. Mfunue nimwone."

Mjomba hakuthubutu. Aliniambia hivyo mwenyewe, katika utu uzima wake: hakuthubutu kukifunua kile kitambaa, kwa sababu hakujua ni uso gani ungekuwa chini yake.

Mama akamponyoka. Akakimbia. Ukungu ukamla.

Mjomba akamfuata kwa mwendo wa mtu anayebeba gunia la chumvi. Aliita jina lake. Aliita tena. Kilio kilikatika mara moja, kama kilio cha mtoto aliyetiwa titi mdomoni.

Alimkuta mama amekaa kando ya njia. Ameipa njia mgongo. Kichwa amekiinamisha.

"Mwanapili."

"Subiri ashibe," mama akasema.

Mikono yake ilikuwa imezunguka kitu. Mjomba aliona viwiko tu, na bega likitikisika polepole, jinsi mwanamke anavyotikisa mtoto. Alisikia sauti ya kunyonya. Ilikuwa kubwa mno. Na mgongoni kwake, wakati ule ule, uzito ukatoweka wote.

Hakumzunguka mama kwenda mbele yake. Alitia vidole masikioni akaadhini. Aliadhini kwa sauti yake yote, katikati ya msitu, wakati ambao haukuwa wa sala yoyote. Sauti ilimkatika, akaendelea. Kunyonya kukaacha. Akamaliza, akaanza tena mwanzo. Majani yakatikisika mbele ya mama, karibu na ardhi, na mtikisiko ule ukaenda, ukaenda, ukateremka bondeni.

Mama akaanguka ubavu. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Mjomba akafungua mbeleko. Ndani yake nilikuwemo mimi, usingizini, nina jasho, mwepesi kama nilivyokuwa Ndavaya.

"Alikuwa na njaa," mama akasema alipozinduka. Ndilo neno lake la pekee mpaka Mivumoni. Mjomba alimkokota kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa nyuma umenishika, na ukungu ulipofunguka wakaona minazi na moshi wa watu wanaopika. Walilala kwa wenyewe wa hapo. Siku ya pili yake wakafika Bodo.

Bibi alikuwa hai. Alinipakata, akaninong'oneza jina lake sikioni, maana nimeitwa kwa jina lake, Mishi. Akafa kabla ya Ijumaa, kwa utulivu, na mama hakuwahi kujuta kwamba alikwenda.

Lakini wanawake waliomwogesha mama siku aliyofika waliziona alama kwenye titi lake la kushoto. Waliinama wote wakazitazama. Zilikuwa za meno, safu ya juu na safu ya chini, mviringo kamili. Mimi sikuwa nimeota jino hata moja, na mdomo ulioziacha ulikuwa mpana kama wa mtu mzima. Wakampaka dawa, tukasomewa dua, yeye na mimi. Alama zikapona. Titi lile likakauka. Wadogo zangu wote walinyonya titi la kulia peke yake, na mama akazoea, sisi tukazoea. Baba alihamia pwani, akalima Msambweni. Mama hakupita tena njia ile, na kwa Jemima na mumewe alikuwa akipeleka salamu tu, kila mjomba anapokwenda, mpaka mjomba naye akaacha kwenda.

Mama alifariki mwaka wa tisini na nane, mzee, wajukuu wamejaa uani. Alikufa alfajiri. Mimi ndiye mwanawe wa kwanza, nikaingia kumwosha pamoja na Bi Dama, aliyekuwa akiwaosha wanawake wa Bodo wote. Tulifunga mlango, tukatandaza kanga. Mwili ulikuwa umekwisha kupoa kote. Bi Dama alimimina maji, mimi nikapitisha kitambaa, kichwa, mikono, kifua.

Nilipofika upande wa kushoto, maji yaliyodondoka kwenye kitambaa yalikuwa meupe.

"Sabuni imezidi," nikasema.

Bi Dama akaitua kata ya maji polepole. "Sijatia sabuni, mwanangu."

Nikayagusa kwa kidole. Yalikuwa maziwa. Yalikuwa ya moto.

Tulifuta, yakaja. Tulifuta tena, yakaja. Bi Dama akaweka pamba nyingi, akamkunjia sanda mara mbili upande ule, akanikataza kwa macho nisilie kwa sauti. Wanaume walipoingia kulichukua jeneza, niliinama kuuondoa mkeka aliolazwa mama. Chini yake, kwenye sakafu ya udongo niliyoifagia kwa mkono wangu asubuhi ile, palikuwa na alama mbili za magoti, zimezama sana, kama za mtu aliyepiga magoti hapo muda mrefu, ameuelekea ubavu wa kushoto wa mama.